Mwenda wa Bayeke: Gitaa moja lililodhaniwa kuwa mawili

KATIKA sherehe nyingi za Keroka, mji wa soko ulioketi mpakani mwa kaunti za Kisii na Nyamira kando ya barabara iendayo Sotik, mwanamuziki mmoja mwenye kinanda cha umeme hutosha siku hizi kuwachezesha watu hadi usiku wa manane. Ngoma zimo ndani ya kinanda, zimehifadhiwa humo tangu kiwandani. Besi hujipiga yenyewe. Sauti ya mwimbaji ikipinda, kipo kifaa cha kuinyoosha kabla haijafika masikioni mwa wasikilizaji.

Wazee waliolelewa kwa mlio wa obokano, kile kinubi kikubwa cha Abagusii chenye nyuzi nane na sauti nzito inayovuma kama nyuki mzingani, hawakosi kunung'unika. Kwao, mtu asiyetokwa na jasho hajapiga muziki bali amebonyeza. Vijana nao hujibu kwamba mashine haijui kutunga, wala haimjui bwana harusi jina lake. Kazi hiyo bado ni ya binadamu.

Ubishi huo haukuanza na vinanda vya umeme. Zaidi ya miaka 70 iliyopita, karani mmoja kijana wa mji wa Jadotville katika Kongo ya Wabelgiji aliingizwa katika ubishi wa aina hiyo hiyo bila yeye mwenyewe kutenda lolote la kutiliwa shaka. Alipiga gitaa moja, peke yake, bila umeme wala hila ya mitambo. Sahani yake ya santuri ilipoanza kuzunguka mijini, wengi walioisikia walisadiki kuwa wapigaji ni wawili.

Kijana huyo ni Mwenda Jean-Bosco, ambaye baadaye alijulikana kama Mwenda wa Bayeke. Kwa wapenzi wa muziki wa zamani wa Afrika Mashariki na Kati, jina hilo halihitaji utangulizi. Kwa kizazi kilichozaliwa baada ya kanda za kaseti kupotea, huenda likahitaji.

Alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, Katanga. Bunkeya haikuwa kijiji cha hivi hivi. Hapo ndipo palipokuwa makao makuu ya mfalme Msiri, mfanyabiashara aliyetoka upande wa Unyamwezi katikati ya karne ya 19, akafuata shaba na pembe za ndovu, hatimaye akajijengea dola yake. Wafuasi wake ndio waliokuja kuitwa Bayeke. Msiri aliuawa Desemba 1891 na watu wa msafara wa Kapteni Stairs, uliotumwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji, na nchi yake ikamezwa na himaya ya Wazungu. Kiswahili hata hivyo hakikuondoka. Kilikuwa kimefika na misafara ya biashara, na machimbo ya shaba yalipofunguliwa kikawa lugha ya kambi za wafanyakazi waliotoka makabila mbalimbali. Ndiyo sababu mtoto wa Bunkeya alipokuja kuimba, aliimba zaidi kwa Kiswahili, na mtu wa Mombasa au wa Kisumu akaweza kumfuata, japo kwa kutega sikio kwa sababu ya lafudhi na maneno ya kule.

Jadotville, ambayo tangu mwaka 1966 inaitwa Likasi, ni mji wa migodi ulio umbali wa kilomita 120 hivi kaskazini-magharibi mwa Lubumbashi. Kampuni ya Union Minière ilikuwa ndiyo baba na mama wa eneo zima. Katika miji ya namna hiyo kijana aliyesoma kidogo alipata kazi ya ofisini, akavaa shati jeupe, na akiwa na akiba alinunua gitaa. Bosco alipata kazi ya ukarani. Gitaa alijifunza kwa kusikiliza na kutazama, kama walivyojifunza wenzake wote, kwa kuwa shule ya gitaa kwa Mwafrika haikuwapo.

Yafaa kukumbuka kile alichokuwa akisikiliza, maana ndicho kinachowatatiza wale wanaotaka muziki usiochanganyika. Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya HMV ilikuwa imetoa mfululizo wa sahani uliojulikana kwa herufi GV, wenye muziki wa Kuba, na sahani hizo zilienea Kongo na Afrika Mashariki hadi zikawa kama za wenyeji. Zilikuwapo nyimbo za Wamarekani waliopiga gitaa na kuimba juu ya reli na ng'ombe. Ilikuwapo pia likembe, kile kisanduku chenye ndimi za chuma kinachopigwa kwa vidole gumba, na ambacho wataalamu kadhaa wamesikia mpangilio wake ndani ya gitaa la Katanga. Gitaa lenyewe lilikuwa bidhaa ya mgeni. Kama kutumia chombo kilichotengenezwa kiwandani ni hila, basi hila hiyo Bosco aliianza siku aliyonunua gitaa.

Namna yake ya kupiga ilikuwa hivi. Mkono wa kulia ulitumia vidole viwili tu, kidole gumba na cha shahada. Gumba lilishuka kwenye nyuzi nene likitembeza besi. Kidole cha shahada kikacheza juu kwenye nyuzi nyembamba kikitoa kiitikio. Kila kidole kilishika njia yake, na njia hizo mbili hazikugonga kwa wakati mmoja kama sikio la mgeni lilivyotarajia. Moja ilijibu pengo la nyingine. Msikilizaji aliyezoea kupanga mapigo katika mstari mmoja hujikuta amepotea, kisha hujipa maelezo rahisi: hapa pana watu wawili. Vidole vitatu vilivyosalia havikuwa na kazi. Jambo hilo huwashangaza hadi leo wanafunzi wa gitaa la Kizungu, ambao hufundishwa kutumia vidole vinne na huona viwili kuwa uvivu.

Mapema mwaka 1952 alifika Jadotville Mwingereza mmoja mwenye gari lililojaa mitambo. Huyo alikuwa Hugh Tracey, aliyezaliwa Devon mwaka 1903, akaja Rhodesia ya Kusini akiwa kijana kulima tumbaku pamoja na kaka yake, na huko mashambani akazipenda nyimbo za wafanyakazi kuliko alivyoipenda tumbaku yenyewe. Maisha yake yote yaliyofuata aliyatumia kurekodi muziki wa Afrika, kuanzia kusini hadi Kenya na Uganda. Alimkuta Bosco akipiga gitaa mtaani. Alimrekodi, na miongoni mwa nyimbo alizozinasa ulikuwamo Masanga, uliotolewa katika sahani za Gallotone za kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini.

Tracey si mtu wa kupitwa haraka katika habari hii, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa hakimu wa nini ni halisi na nini ni bandia. Alichukizwa na muziki wa mijini ulioiga Wazungu. Aliamini kwamba ngoma, vinubi na marimba za vijijini zilikuwa katika hatari ya kumezwa, na alitaka kuzihifadhi kabla hazijafa. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Lakini njia yake ya kuzihifadhi ilikuwa mashine, na mashine ina masharti yake. Upande mmoja wa sahani ya wakati ule haukubeba zaidi ya dakika tatu na ushei. Wimbo ambao kijijini ungeimbwa saa nzima ulibidi ukatwe, uanze kwa amri na uishe kwa ishara ya mkono. Kipaza sauti alikishika mwenyewe, akakisogeza mara kwa mwimbaji, mara kwa chombo, kadiri sikio lake lilivyomwelekeza. Kilichosikika kwenye sahani kilikuwa tayari kimepangwa na mtu ambaye hakupiga chombo chochote.

Kisa kingine cha Tracey kilitokea karibu kabisa na Keroka, ng'ambo ya Sotik katika nchi ya Wakipsigis. Mwaka 1950, huko Kapkatet, alirekodi wasichana wakiimba juu ya kiumbe aitwaye Chemirocha, nusu mtu, nusu paa. Jina hilo lilikuwa la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki kwa kifua kikuu mwaka 1933, ambaye sahani zake zilikuwa zimepita huko zikapigwa kwenye santuri. Sauti bila mtu ilikuwa jambo geni mno hata ikabidi mwenye sauti apewe umbo lisilo la kibinadamu. Wakipsigis hawakuuliza kama Chemirocha alidanganya. Walimwingiza katika nyimbo zao, wakamkaribisha acheze, na kinubi chao cha chepkong kikampokea.

Basi hakimu huyu mwenye msimamo mkali, ambaye gitaa halikuwa chaguo lake la kwanza, alijikuta hana la kusema mbele ya karani wa Jadotville. Chama cha Muziki wa Kiafrika alichokuwa amekiasisi kilikuwa kikitoa Tuzo ya Osborn kwa muziki bora wa mwaka. Mwaka 1952 tuzo ya kwanza ilikwenda kwa Masanga. Bosco alikuwa na umri wa miaka 22.

Hapa ndipo tarehe zinapofurahisha. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Marekani ilikuwa imetekwa na wimbo wa How High the Moon, uliokaa wiki tisa kileleni mwa chati za huko. Wapigaji walikuwa Les Paul na mkewe Mary Ford, yaani gitaa moja na mwimbaji mmoja, lakini kinachosikika ni kundi zima la magitaa na kwaya ya wanawake. Les Paul alikuwa amegundua namna ya kutumia kinasa sauti cha utepe kujirekodi, kisha kujirekodi tena juu ya sauti yake ya kwanza, na tena juu ya hizo mbili, hadi mtu mmoja akawa jeshi. Wapo waliostaajabu, na wapo waliosema huo si muziki ila ni mazingaombwe ya maabara.

Kwa hiyo katika kipindi kile kile, upande mmoja wa dunia mtu alijizidisha kwa mashine akapigiwa makofi, na upande mwingine mtu alijizidisha kwa vidole viwili akadhaniwa ametumia msaidizi. Anayeamini kwamba sikio pekee laweza kutenganisha ujanja na ustadi angefaa kuzisikiliza sahani hizo mbili moja baada ya nyingine.

Ushahidi wa maandishi ulikuja miaka kadhaa baadaye. David Rycroft, mtaalamu wa lugha na muziki aliyefundisha London, alizichambua nyimbo za Bosco noti kwa noti na kuuchapisha uchambuzi huo katika jarida la African Music kwa sehemu mbili, mwaka 1961 na 1962. Kazi hiyo ilionyesha jinsi sauti zote zilivyotoka katika mkono mmoja. Ilionyesha pia kwamba Bosco hakurudia wimbo jinsi ulivyokuwa. Kila mara aliubadilisha kidogo, akaongeza pambo hapa, akaondoa pale. Mtu mwenye kuiba njia ya mkato hufanya kinyume: akishapata kinachouza, hukinakili.

Hata hivyo, asipambwe kuliko alivyokuwa. Wapigaji wa gitaa wa ukanda huo walikuwa na njia zao za mkato, na hawakuzionea aibu. Kijiti au penseli iliyofungwa kwa uzi au mpira shingoni mwa gitaa ilimwezesha mtu kupandisha sauti ya chombo chote ili ilingane na koo lake, bila kujifunza kushika nyuzi upya. Uzi mmoja uliweza kukazwa au kulegezwa kabla ya wimbo ili kidole kipate nafasi nyepesi. Mwalimu wa gitaa la Kihispania angevikunjia uso vitendo hivyo. Kwa mpigaji wa Katanga, au wa Kakamega, hayo yalikuwa sehemu ya kazi kama vile fundi seremala anavyonoa randa. Na Waluo walipoacha mishipa ya ng'ombe wakafunga nyatiti kwa nyuzi za nailoni, hakuna aliyesema nyatiti imekufa.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Bosco aliletwa Nairobi na Peter Colmore, Mwingereza aliyekuwa akiendesha shughuli za burudani, kurekodi muziki na matangazo ya biashara. Nairobi ya wakati huo ilikuwa na redio iliyosikika hadi vijijini, na kampuni za bidhaa zilikuwa zimetambua kwamba wimbo mzuri huuza kuliko maneno matupu. Bosco alipewa kipindi redioni na akawa anaitangaza Aspro, dawa ya kutuliza maumivu. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sijui wangesema nini juu ya msanii mwenye tuzo anayetembeza vidonge vya kichwa, ila ni kweli kwamba vidonge ndivyo vilivyolipa nauli yake, na bila nauli hiyo muziki wa gitaa wa Kenya pengine ungechukua njia nyingine.

Binamu yake, Edouard Masengo, alikuja pia Nairobi kwa mlango huo huo. Masengo alikuwa amekulia katika kikundi cha vichekesho na muziki cha Elisabethville kilichoitwa Jecoke, ambacho herufi zake za mwisho zilisimamia mtaa wa Kenya. Wakenya wengi hawajui kuwa Lubumbashi ina mtaa wenye jina la nchi yao.

Athari ya wageni hao ilionekana upesi, hasa magharibi mwa nchi. Vijana waliokuwa na magitaa walikaa karibu na redio wakijaribu kukamata vidole wasivyoviona. Waluhya walikuwa na mtindo wao wa omutibo, ambao mpigaji wake mashuhuri, George Mukabi wa Kisa, alipiga gitaa kwa vidole huku mwenziwe akikwaruza au kugonga chupa ya soda kushika mapigo. Mukabi aliuawa mwaka 1963 akiwa bado kijana. Gusii nayo ilipata wapigaji wake wa gitaa kavu, na haikuwa ajabu, kwa maana mpiga obokano alikuwa tayari amezoea kukaa peke yake na kufanya kazi ya watu kadhaa: kupiga besi, kupiga kiitikio, kuimba na kusimulia. Gitaa lilipofika nyanda hizo za ndizi na chai lilikuta kiti kimewekwa.

Kisha ukaja umeme. Katika miaka ya 1960 studio za Nairobi zilijaa magitaa ya umeme, besi na ngoma za miguu, na mitindo ya twisti. Palipokuwa na mtu mmoja wakawa wanne au watano, kila mmoja na kazi ndogo. Ukitazama kwa haki, bendi ilikuwa ndiyo njia ya mkato: kile ambacho Bosco alikifanya kwa gumba na kidole kiligawanywa kwa mpiga besi na mpiga solo. Lakini hakuna mzee aliyeinuka kusema kwamba kugawana kazi ni udanganyifu. Walilalamikia kelele. Gitaa kavu likaanza kuonekana la kishamba, na redio ikaliacha taratibu.

Kule kwao mambo yalikuwa mazito zaidi ya muziki. Katanga ilijitenga na Kongo Julai 1960, siku chache baada ya uhuru, na vita vya kuirudisha viliendelea hadi Januari 1963. Jadotville yenyewe ilishuhudia mapigano Septemba 1961 kati ya askari wa Umoja wa Mataifa kutoka Ireland na majeshi ya Katanga. Mwanamuziki wa mji kama huo alijua kunyamaza.

Nje, jina lake lilikuwa limekua bila yeye kuwapo. Mwaka 1969 alialikwa katika tamasha la Newport nchini Marekani, jukwaa ambalo miaka minne nyuma lilikuwa limetikiswa na ubishi wa Bob Dylan aliyepanda na gitaa la umeme na kuzomewa na baadhi ya mashabiki wake. Kwa hadhira hiyo, Mwafrika mwenye gitaa lisilo na waya alikuwa ndiye ukweli wenyewe. Sifa hiyo nayo ilikuwa na kasoro yake. Walimpenda kwa sababu hakuwa na umeme, ilhali yeye hakuukataa umeme kwa imani. Hakuwa nao tu pale mtaani Jadotville mwaka 1952.

Miaka miwili baada ya Newport, Rais Mobutu aliibadilisha nchi jina kuwa Zaire, Katanga ikawa Shaba, na mwaka 1972 majina ya Kikristo yakapigwa marufuku katika kampeni ya kurejea uasilia. Jean-Bosco akawa Mwenda wa Bayeke. Ni mara ya pili katika maisha yake mtu mwenye mamlaka alimwamulia kilicho halisi. Wa kwanza alikuwa Mwingereza mwenye kipaza sauti, aliyetaka Mwafrika asiige Mzungu. Wa pili alikuwa jenerali mwenye kofia ya ngozi ya chui, aliyetaka vivyo hivyo kwa sababu tofauti kabisa. Katikati yao Mwenda aliendelea kupiga gitaa lililotengenezwa Ulaya, kwa vidole vya Bunkeya, katika lugha iliyotoka pwani ya Bahari ya Hindi.

Fedha hazikumfuata kama sifa zilivyomfuata. Kizazi chake kiliimba kwa malipo madogo ya papo kwa papo, sahani zikaenda kuuzwa mbali na macho yao, na hesabu zikafanywa katika ofisi wasizozijua. Yeyote anayetaka kuuzungumzia udanganyifu katika muziki wa miaka ile angepata mengi zaidi katika vitabu vya hesabu kuliko kwenye nyuzi za gitaa.

Mwaka 1979 alifika Shaba mpiga gitaa Mwingereza, John Low, ambaye alikuwa ameung'ang'ania muziki wa Katanga akiwa mbali na sasa alitaka kujifunza miguuni pa wenyewe: Mwenda, Masengo na Losta Abelo. Safari hiyo aliiandikia kitabu, Shaba Diary, kilichotoka mwaka 1982. Mwaka huo huo Mwenda alizuru Ujerumani, ambako wataalamu wakiongozwa na Gerhard Kubik wa Austria walipata nafasi ya kumtazama na kumrekodi. Mwaka 1988 aliingia studio mjini Cape Town, Afrika Kusini, na kurekodi albamu. Masikio yaliyomzoea kwa mkwaruzo wa sahani za zamani yalimsikia safari hii katika mitambo safi ya kisasa.

Alifariki Septemba 1990 katika ajali ya gari nchini Zambia. Alikuwa na umri wa miaka 60. Masengo alimfuata mwaka 2003.

Tracey alikuwa ametangulia mwaka 1977. Maktaba yake ya sauti, aliyoianzisha rasmi mwaka 1954 karibu na Johannesburg, ilihamishiwa Chuo Kikuu cha Rhodes, na kutoka humo rekodi za 1952 zimetolewa upya kwenye CD na baadaye kuingia katika intaneti. Msikilizaji wa Keroka mwenye simu ya mkononi anaweza leo kumsikiliza Mwenda akiwa ndani ya matatu, jambo ambalo baba yake hakuweza bila kununua sahani na santuri ya kuichezea.

Na wanaojifunza Masanga sasa, Nairobi, London au Tokyo, wana msaada ambao wale vijana wa kando ya redio hawakuwa nao. Programu za kompyuta hupunguza mwendo wa rekodi hadi nusu bila kuiharibu sauti, zikarudia kipande kile kile mara mia, mpaka sikio litenganishe gumba na kidole cha shahada. Wengine hushindwa hata hivyo, wakaamua kuurekodi wimbo kwa awamu mbili: kwanza besi, halafu kiitikio juu yake.